Sura ya Tano: Ngome ya Mfalme Asiyefika

Mgeni akifika Karema kwa mara ya kwanza, awe mwalimu aliyepangiwa kituo cha kazi akitokea Mpanda au mchuuzi wa dagaa kutoka Sumbawanga, hukaa siku mbili tatu tu kabla hajauliza. Huonyeshwa kilima chenye majengo ya misheni, akaambiwa kwamba hapo palianza na ngome ya Wabelgiji. Swali huja lenyewe: Wabelgiji si walitawala Kongo, ng'ambo ya ziwa? Huku walifuata nini? Na kama walitangulia kujenga huku, mbona Karema haikuwa Kongo?

Jibu linalozoeleka ni kwamba mipaka ilichorwa Berlin. Jibu hilo lina ukweli nusu. Mambo ya Berlin yanaeleza kwa nini Wabelgiji waliondoka, lakini hayaelezi walikuja kutafuta nini, wala kwa nini nyumba waliyoiacha haikuanguka siku walipofunga virago. Kwa hiyo tutaanza mbali kidogo, kwenye jumba la mfalme ambaye hakuwahi kukanyaga ufuko wa Tanganyika.

Mfalme na chama chake

Septemba 1876, Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, aliwaalika mjini Brussels wataalamu wa jiografia na wasafiri mashuhuri wa Ulaya. Nchi yake ilikuwa changa, haijatimiza hata miaka 50 tangu ijitenge na Uholanzi mwaka 1830, na wanasiasa wake hawakuwa na hamu ya kutafuta makoloni. Mwenye hamu alikuwa mfalme mwenyewe. Kwa kuwa serikali haikumfuata, aliunda chama, kikaitwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika.

Jina lilikuwa kubwa, mfuko ukawa wa mtu mmoja. Chama kilitangaza kwamba kitajenga "vituo" ndani ya Afrika. Kituo, kwa maelezo yao, kilikuwa nyumba yenye ghala na watu wachache, na kazi zake zilikuwa hizi:

- kumpokea msafiri wa nchi yoyote na kumpatia mahitaji;
- kukusanya taarifa za hali ya hewa, mimea, wanyama na lugha;
- kupinga biashara ya watumwa.

Soma tena orodha hiyo uone kilichokosekana. Halipo neno kutawala, hakuna kodi, hakuna bendera ya taifa lolote. Chama kilikuwa na bendera yake chenyewe, ya buluu yenye nyota ya dhahabu katikati. Ni bendera hiyo hiyo ambayo baadaye ilipepea juu ya Kongo ya Leopold, na wanaojua yaliyotendeka Kongo hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa nini basi waingilie upande wetu? Sababu ni barabara. Mwaka 1876 Mto Kongo ulikuwa haujajulikana vizuri Ulaya, na karibu na bahari ya Atlantiki maporomoko yake yanaziba njia ya meli. Njia iliyokwisha kuzoeleka ya kufika katikati ya bara ilikuwa ile ya misafara: Bagamoyo, Mpwapwa, Ugogo, Tabora, mpaka Ujiji. Ilikanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi na wafanyabiashara wa pwani, kila kambi ina jina lake, na kila mtemi anajulikana hongo yake. Hongo ni ushuru wa kupita, uliolipwa kwa nguo, shanga au waya. Mfalme wa Ubelgiji hakugundua njia yoyote. Alikodi njia ya watu.

Mwaka mzima njiani

Msafara wa kwanza ulifika Zanzibar mwishoni mwa mwaka 1877. Mwezi uliofuata, kabla hata hawajaliacha pwani, kiongozi wake, Louis Crespel, alifariki, na Maes, mtaalamu wa sayansi, naye akafa. Uongozi ukamwangukia Kapteni Ernest Cambier. Aliondoka pwani mwaka 1878, akatorokwa na wapagazi, akapita katika nchi iliyotetemeshwa na vita vya Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, na tarehe 12 Agosti 1879 ndipo alipoweka kambi Karema.

Ujiji hakuutaka. Mji ule ulikuwa na wenyewe: wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamejikita, na kila nyumba nzuri ina mwenyewe. Karema kulikuwa na kilima kidogo, ghuba, ardhi ya kulima, na mahali pa kuanzia bila kumwomba tajiri yeyote wa Ujiji.

Si kila mtu alimsifu. Mwingereza Joseph Thomson, kijana aliyekuwa akizunguka eneo la ziwa wakati ule ule, alipita Karema na kuandika bila huruma kwamba mahali penyewe ni kinamasi, hapafai bandari wala makazi. Thomson alikuwa na ulimi mkali, na Waingereza na Wabelgiji walikuwa wakichungana. Hata hivyo, kwa habari ya bandari, tutaona kwamba hakukosea sana.

Tembo wanne wa Bombay

Kisa hiki kingeweza kuachwa nje ya historia ya jengo, lakini siwezi kukipita. Gharama kubwa ya kujenga Karema ilikuwa ubebaji: kila msumari, kila baruti, kila jora la kitambaa lilipanda kichwani kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Farasi na punda walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Leopold akafikiria tembo. Wahindi wanawafuga na kuwabebesha mizigo; Afrika imejaa tembo; basi tembo wa Kihindi waletwe, wabebe, na kisha wasaidie kuwafuga ndugu zao wa huku.

Katikati ya mwaka 1879 tembo wanne waliletwa kwa meli kutoka Bombay hadi ghuba ya Msasani, Dar es Salaam, pamoja na watunzaji wao. Kiongozi alikuwa Frederick Carter, mtu wa Ireland aliyekuwa amekaa sana Mashariki ya Kati na kujua Kiarabu. Mbung'o hawakuwasumbua tembo kama walivyowasumbua farasi, lakini mizigo mizito, chakula kibaya na safari ndefu viliwamaliza mmoja baada ya mwingine. Aliyefika Karema ni mmoja tu, jike aliyeitwa Pulmalla, mwezi Desemba 1879. Hebu fikiria mvuvi wa Kibende aliyezoea kumkimbia tembo shambani, anamwona mwingine akiingia kijijini na mtu ameketi shingoni.

Juni 1880 Carter na mwenzake, Cadenhead, walikuwa Mpimbwe, wilaya ya leo ya Mlele, wakirudi pwani. Wakaingia katikati ya vita wasivyovijua: watu wa Mirambo na washirika wake walikuwa wanakishambulia kijiji walichofikia. Wote wawili waliuawa. Mpango wa tembo ukafia hapo, na mizigo ya Karema ikaendelea kupanda kichwani kwa Wanyamwezi.

Ofisi isiyokuwa na serikali

Ngome ni nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kujihami: kuta nene, madirisha machache, lango moja, na pembe zinazochomoza ili mlinzi aone kila upande. Cambier na waliomfuata walijenga kwa udongo wa Karema, kwa mikono ya askari na vibarua kutoka Unguja, Unyamwezi na vijiji vya jirani. Wakaiita Ngome ya Leopold. Jina hilo lilikaa zaidi kwenye ramani na barua za Ulaya kuliko midomoni mwa watu. Pale palikuwa Karema na pakabaki Karema.

Msomaji asidhani ukuta wa udongo ni dhaifu. Bunduki za gobori hazikuwa na la kuufanya. Maadui wake ni mvua na mchwa, na hao hawapigi hodi. Nyumba ya udongo huishi kwa kukarabatiwa: kila masika yakipita, kuna ufa wa kukandika na boriti ya kubadilisha. Aliyeacha kukarabati kwa miaka michache hurudi akakuta kichuguu. Kumbuka jambo hili tutakapofika mwaka 1885.

Wakuu wa kituo walibadilishana haraka, mara nyingi kwa sababu ya homa. Kapteni Popelin alikufa mwaka 1881. Kapteni Ramaeckers, aliyeisukuma sana kazi ya ujenzi, alifia Karema Februari 1882. Luteni Jérôme Becker aliyeshika nafasi yake ndiye aliyeandika baadaye kitabu kinene cha maisha ya huku. Septemba 1882 akaingia Luteni Emile Storms.

Siku kwa siku walifanya nini humo? Walipima joto na mvua. Walilima bustani. Walinunua vyakula kwa nguo. Na polepole, bila mtu yeyote kuwapa madaraka, wakaanza kufanya yale ambayo baadaye yangefanywa na boma, yaani makao ya serikali ya wilaya: kuamua ugomvi, kuwapokea wakimbizi, kuwa na askari, kutishia. Ilikuwa ofisi ya serikali kabla ya serikali. Watu walioikimbilia kwa usalama walijenga vibanda vyao jirani na kuta, na hivyo ndivyo kijiji kilivyoanza kukua.

Storms ndiye aliyeonyesha jambo hilo lingeweza kufika wapi. Mei 1883 alivuka ziwa akaanzisha kituo cha pili, Mpala, upande wa Kongo. Huko akaingia vitani na mtawala aitwaye Lusinga, na Desemba 1884 wapiganaji wa Storms wakamuua. Kichwa cha Lusinga kilikatwa, na fuvu lake Storms akalipeleka Ubelgiji kama kitu cha kumbukumbu. Lipo Brussels mpaka leo, kwenye taasisi ya sayansi ya viumbe. Chama kilichojitangaza kuwa cha wataalamu na wageni kilikuwa kimekwenda mbali sana na ile orodha ya mambo matatu.

*Kwa ufupi mpaka hapa:* Wabelgiji walikuja Karema kwa sababu njia iliyokuwepo ilikuwa ya misafara ya pwani, na kwa sababu Ujiji ulikuwa na wenyewe. Ngome ilikuwa ya chama cha mfalme, si ya nchi ya Ubelgiji.

Maji yalikwenda wapi?

Hili ni swali la pili la wageni: ngome ya ziwani, mbona haiko ufukoni?

Ziwa Tanganyika lina mito mingi inayoingia na mmoja tu unaotoka, nao ni Lukuga, upande wa Kongo, pale ulipo mji wa Kalemie. Lukuga ni kama shimo la kutolea maji kwenye beseni. Katikati ya karne ya 19 shimo hilo lilikuwa limezibwa na tope na matete. Maji yakaingia bila kutoka, ziwa likapanda mwaka hadi mwaka. Msafiri Mwingereza Cameron alipofika Lukuga mwaka 1874 alisema ni mto unaotoka ziwani. Msafiri mwingine, Stanley, alipofika mwaka 1876 alikuta maji yamesimama, akabisha. Mabishano yakaendelea Ulaya huku ziwa lenyewe likijiandaa kuyamaliza: mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yalifika juu, yakakisukuma kile kizibo, Lukuga ukafunguka na kuanza kutiririka kwa nguvu.

Cambier alifika wakati huo huo. Alichagua kilima chake akilitazama ziwa likiwa bado juu, bila kujua kwamba kizibo kimeng'oka upande wa pili. Katika miaka kama kumi na tano iliyofuata ziwa lilishuka takribani mita 10. Kwenye ufuko wa miamba mita 10 ni ngazi tu. Kwenye ufuko wa Karema, ulio tambarare, ni mashamba mazima yanayojitokeza. Maji yakaondoka, yakaacha tope, kisha majani, kisha ardhi ya kulima, na ngome ikabaki kilimani ikiyatazama kwa mbali. Kile kinamasi alichokidharau Thomson kilikuwa, kwa sehemu, ziwa lililokuwa likiaga.

Mwaka wa ufunguo

Sasa turudi kwenye swali letu. Wakati Cambier anapiga tofali, Leopold alikuwa amekwisha kumwajiri Stanley aingilie upande wa Atlantiki, mwaka huo huo wa 1879. Stanley alikata barabara kando ya maporomoko, akapandisha boti za moshi vipande vipande, akafika kwenye maji marefu ya Mto Kongo. Njia ya magharibi ikawa rahisi kuliko misafara yetu. Karema, iliyogharimu fedha na roho nyingi, ikageuka mlango wa nyuma wa nyumba ambayo mlango wa mbele ulikuwa umekwisha kupatikana.

Mkutano wa Berlin ulifungwa Februari 1885. Siku moja baadaye serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Mjerumani Carl Peters katika maeneo ya nyuma ya pwani yetu. Agosti mwaka huo Leopold alitangaza mipaka ya dola yake mpya ya Kongo, na upande wa mashariki mpaka ukapita majini, katikati ya Ziwa Tanganyika. Mpala ikawa ndani, Karema ikawa nje. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani wakakubaliana juu ya sehemu zao, na ufuko wa mashariki ukahesabiwa wa Mjerumani.

Kwa hiyo Karema haikunyang'anywa. Iliachwa. Mfalme hakuwa tena na haja nayo, na alijua Wajerumani wanakuja. Akawapa vituo vyake viwili vya ziwani, Karema na Mpala, Wamisionari wa Afrika, ambao watu wetu wamezoea kuwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Mkuu wao, Kardinali Lavigerie, alikuwa na ndoto ya ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, na hapa akapewa kuta bure. Mapadre wakapokea Karema mwaka 1885. Storms akarudi kwao.

Nyumba ya kupitia ikawa ya kukaa

Hapa ndipo historia ya jengo inapogeuka, na ndipo penye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote katika sura hii. Mwaka 1885 ngome ilikuwa na kila sababu ya kugeuka kichuguu. Aliyeijenga alikuwa ameitupa, na walioishi ndani yake, kuanzia mkuu hadi askari, walikuwa watu wa mkataba waliohesabu miezi. Walioingia sasa walikuja kuzikwa hapa. Nyumba ya udongo inahitaji mtu wa namna hiyo.

Ndani ya kuta zile wakakaa watoto waliokombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa, na nje wakajenga familia zilizokimbia mashambulizi. Mwaka 1886 aliletwa Léopold Joubert, aliyekuwa askari wa Papa, kuwafundisha watu kujilinda. Baadaye alihamia ng'ambo na kubaki huko hadi kifo chake mwaka 1927. Mapadre wakakandika, wakaongeza vyumba, kisha wakajenga kanisa na nyumba mpya kwa tofali za kuchoma.

Aliyekaa muda mrefu kuliko wote hakuwa Mzungu. Adrien Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 kwenye kingo za Mto Niger, nchi iitwayo leo Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akavushwa Sahara, akauzwa Algeria, na huko akanunuliwa na wamisionari. Lavigerie alimpeleka Malta asome udaktari. Mwaka 1888 akaanza safari ya kuja Karema, akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, na kuanzia hapo hakuondoka. Alioa mwanamke wa Kibende, Agnes, na mtoto wao Joseph akapata upadre mwaka 1923. Atiman alitibu vidonda, homa na malale, akafundisha dini, akajifunza dawa za wenyeji na kuzitumia pale alipoona zinasaidia. Alifariki mwaka 1956 na kuzikwa Karema, baada ya kazi ya zaidi ya miaka 60. Mtu akienda Hospitali ya Dk. Atiman mjini Sumbawanga kupimwa malaria, jina analoliona langoni ni la mtoto wa Niger aliyeuzwa Algeria.

Kuanzia 1891 Karema ilikuwa pia makao ya Askofu Adolphe Lechaptois, mkuu wa kanisa katika eneo kubwa la mashariki ya ziwa, aliyefia papo hapo mwaka 1917. Mwaka 1907 shirika la Masista wa Maria Malkia wa Afrika lilianzia Karema. Mwaka 1953 pakawa Jimbo la Karema, yaani makao rasmi ya askofu. Kisha mwaka 1969 jimbo likahamia Sumbawanga, likabadili jina, kwa sababu barabara na ofisi za serikali zilikuwa huko Ufipa. Ni ile hesabu ya Leopold mwaka 1885: njia imepita kwingine, makao yahamie.

Wabelgiji walirudi, lakini si Karema

Kwa kifupi tu. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yaliivamia nchi iliyokuwa ya Wajerumani, yakachukua Kigoma Julai 1916 na Tabora Septemba. Baada ya vita, kwa mkataba wa mwaka 1921, Waingereza waliwapa Wabelgiji sehemu za bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya franka moja kwa mwaka. Sehemu hizo ziliitwa Belbase, na wazee wa Dar bado wanaikumbuka ya kwao. Mlango wa mashariki aliouota Leopold ukapatikana hivyo, kwa reli na gati, umbali mrefu kaskazini ya kilima cha Cambier.

Karema ikabaki kituo kidogo cha meli. Liemba, meli iliyozaliwa Kigoma mwaka 1915 na kutumiwa na Wajerumani vitani, ilipita kila safari yake ya kwenda Mpulungu. Haikuwa na pa kufunga kamba. Ilisimama majini na kupiga honi, boti zikaifuata, na abiria wakashuka ubavuni na magunia, kuku na watoto.

Gati lililochimbwa

Juni 2022, kwenye bustani moja ya Brussels, halmashauri ya Ixelles iliing'oa sanamu ya Emile Storms iliyokuwa imesimama hapo miaka mingi. Watu walikuwa wakiipinga kwa sababu ya fuvu la Lusinga.

Mwaka huo huo, Karema, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania ilikamilisha bandari mpya iliyogharimu karibu shilingi bilioni 48. Lengo lake lingemfurahisha Cambier: mizigo itoke Dar es Salaam ipite Mpanda, ivuke ziwa, iingie Kongo. Ipo hata mipango ya kuvuta reli kutoka Kaliua kupitia Mpanda hadi hapo. Wahandisi walikuta ufuko ule ule tambarare aliousema Thomson, basi wakachimba: wakatengeneza beseni la meli, wakajenga ukuta wa kuzuia mawimbi, wakaweka gati la kweli, ili meli ifunge kamba Karema bila kutuma boti.

Ziwa nalo halijatulia. Miaka michache kabla ya gati kukamilika lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu wa mwambao, na wavuvi wa Karema bado wana sababu ya kutazama kila msimu maji yamesogea upande gani.